Kwa ndugu anayetumwa Lamu: usiseme lugha si tatizo

Ndugu yangu, umesema umemaliza chuo cha Biblia, kanisa lenu la Kitale linakutuma Lamu mwezi wa kwanza wewe na mkeo na mtoto, na unaomba ushauri wa vitabu na kozi za kujiandaa. Kisha ukaongeza: "Lugha si tatizo, Kiswahili tunakijua sote." Neno hilo ndilo lililonifanya niandike kwa urefu, samahani. Mimi ni mtu wa Machakos. Nimehudumu Lamu miaka sita, sasa niko Malindi. Kiswahili ndicho kilichoniangusha, kwa sababu nilikuja nikidhani ninacho.

Mwezi wangu wa pili, mzee mmoja jirani yetu wa Langoni alinikaribisha barazani kwake. Kahawa tungu, vikombe vile vidogo visivyo na mkono, wazee watano hivi wamekaa. Wakaniuliza kazi yangu, nikawaambia bila kuficha. Mwenye baraza akauliza, kwa upole tu, huwa tunafundisha nini. Nikaanza: "Mtume Paulo anasema..." Kikombe chake kikasimama kabla hakijafika mdomoni. "Mtume yupi?" Hakupandisha sauti. Lakini wenzake waliinamisha macho, na tukamaliza kahawa tukizungumzia bei ya samaki.

Kwetu mtume ni Paulo, ni Petro, ni wale kumi na wawili. Kwa jirani yako wa Lamu, Mtume ni mmoja, na kila anapotajwa yeye humswalia. Ukimpa mtu mwingine jina hilo, ulichotaka kufundisha hakisikiki tena, kinachosikika ni dharau. "Nabii" nalo ni hivyohivyo. Hizo bango za Nabii Fulani tulizozoea bara, huku ni kidonda. Hata kusema "nimetoka chuo" kuna wazee watakaokushangaa, kwa kuwa chuo kwao ni pale mtoto anapokwenda kusomeshwa Kurani. Na ukitamka "Mwana wa Mungu" bila maelezo, mwenzako anasikia kwamba Mungu alizaa, jambo alilofundishwa kulikataa tangu utotoni katika sura fupi anayoisoma kwenye swala.

Sisemi uipunguze imani yako. Mimi husema Yesu, na nikiona haja naongeza: "ambaye nyinyi mnamwita Isa bin Maryamu." Wako wanaoshauri uvae kanzu na kofia na ujibandike jina la Kiislamu ili usikilizwe. Hilo nalikataa kabisa. Ni uongo, na mji wenyewe ni mdogo, watajua kabla ya wiki kwisha. Atakayekuja baada yako ndiye atakayefungiwa milango.

Johann Krapf, mmisionari Mjerumani, alipofika Mombasa mwaka 1844, haukupita muda akamzika mkewe na mtoto mchanga. Mwaka huohuo alianza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, na aliyekaa naye kumsaidia maneno alikuwa kadhi wa Mombasa. Nalifikiria sana jambo hilo. Dhambi, toba, imani, rehema, ibada: maneno tunayohubiria kila Jumapili yana asili ya Kiarabu, na yalikuwa vinywani mwa Waislamu wa Pwani muda mrefu kabla hayajafika kwetu. Sisi ndio tulioazima. Mtu wa kuazima huuliza kwanza mwenyewe anakitumiaje.

Mambo ya nyumbani nayo ni lugha. Ramadhani yetu ya kwanza, mama wa nyumba ya pili alituletea futari: mihogo ya nazi na tambi, bakuli limefunikwa kwa kawa. Kesho yake mke wangu aliliosha vizuri akalirudisha na shukrani nyingi, tupu. Mama mwingine ndiye aliyemwita kando: "Mwanangu, chombo cha jirani hakirudi kitupu." Tangu hapo tukawa tunatia maembe, mayai, sukari. Nyama usitie. Uliyochinja mwenyewe hataila, na utakuwa umempa aibu ya kuimwaga. Krismasi ya mwaka wa pili tulimwomba kijana wa jirani atuchinjie mbuzi, tukaazima masufuria kwao, na mama yuleyule wa futari akasimamia pilau. Walikuja kula. Siku hiyo mzee wa baraza aliniuliza mwenyewe habari za "yule Paulo wako". Nikamsimulia mtu aliyekuwa akiwatesa wafuasi wa Yesu hadi alipoangushwa njiani kuelekea Dameski, bila kulitaja lile neno. Alisikiliza mpaka adhana ya alasiri.

Huku Malindi maswali ni mengine. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni Shakahola, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, watoto wakiwamo. Nilipoingia kijiji kimoja cha Wagiriama mara ya kwanza, mama mmoja hakuniitikia hata salamu. Aliniuliza: "Kwenu mnafunga siku ngapi?" Halafu: "Mtoto akiumwa mnampeleka hospitali?" Ana haki ya kuuliza, na mhubiri anayekasirishwa na maswali hayo hajajiandaa. Sasa naanza kwa mzee wa kijiji, barua ya kanisa na kitambulisho mkononi, kabla sijafungua Biblia mahali popote.

Kuhusu kozi, chagua yoyote utakayoona inafaa, hilo halinisumbui. Ombi langu ni hili: waombe wakuu wako wakuruhusu uje mwezi mmoja peke yako kabla ya familia. Usilale kwenye nyumba ya kanisa, na usikae na sisi watu wa bara tu, maana kanisa la Lamu limejaa walimu na askari kutoka kwetu, ni rahisi kumaliza miaka humo bila kumjua mwenyeji. Panga chumba Langoni. Usihubiri. Toa shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri na usubiri marahaba yake. Utasikia ndia badala ya njia, mato badala ya macho, yana badala ya jana. Hicho ni Kiamu, lugha ya tenzi za tangu zamani, usimsahihishe mtu kwa Kiswahili cha shule. Nunua kijitabu, andika kila neno uliloelewa vibaya na nani alikueleza. Changu cha mwaka wa kwanza ninacho bado, ukifika Malindi pitia nyumbani nikupe ukinakili.