Vitu ninavyosafiri navyo kwenda kufunga mzigo (na kwa nini sutikesi ya bei mbaya haimo)

Juzi kuna dada kaniandikia, anaanza biashara ya viatu vya watoto, tiketi ya Guangzhou kashakata, visa anayo, na swali lake ni moja tu: da' mkubwa, ninunue begi gani? Akanitumia na picha, sutikesi ngumu zinazong'aa, moja ya rangi ya dhahabu ambayo bei yake ukitajiwa unaomba kiti. Nikamrekodia sauti ndefu mpaka mume wangu akauliza nagombana na nani, alafu nikaona bora niiweke hapa maana najua wengi wenu ni watu wa kutoka, kama si China basi Dubai au Istanbul, na wengine Kampala kwa basi.

Mdogo wangu, begi achana nalo. Sutikesi ngumu kubwa ikiwa tupu kabisa inakula kilo 4 mpaka 5, na ndege nyingi za njia yetu zinakupa kilo 23 kwa begi moja, sasa piga hesabu mwenyewe pea ngapi za viatu umeziacha China ili ubebe plastiki inayong'aa. Mi nina begi la kitambaa la matairi mawili, yale makubwa yanayopita hata kwenye kokoto za Kariakoo, sio yale manne madogo yanayozunguka zunguka, yale ni ya kwenye marumaru tu, siku moja ya mtaro wa Msimbazi limeisha. Ndani yake nakunja shangazi kaja mbili. Ndio, shangazi kaja, lile begi la miraba mnalocheka. Kwenda linakaa kama gazeti, kurudi linabeba dunia.

Na mizani ile ndogo ya kuning'iniza, yenye ndoano. Hiyo ukikosa vyote usiikose. Kwenye kaunta ya Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, siku ya kurudi ni vilio, watu wazima wamefungua mabegi sakafuni, viatu huku, maboksi kule, baba mwenye heshima zake kavaa majaketi matatu jasho linamtoka kwa sababu kaambiwa kilo zimezidi na eksesi inalipiwa pale pale. Mi mabegi yangu nimeyapima hotelini usiku, kila moja kilo 22 na nusu, hiyo nusu naiacha makusudi maana mizani za watu hazifanani. Sasa kuna mwenzetu mmoja, tulikuwa naye hoteli moja kule Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wanaofikia Waafrika wengi, alinicheka mbele za watu nilipokuwa napima, eti "we unapima kama unauza nyama". Siku hiyo hiyo kwenye foleni akaja, da', niazime hiyo mizani yako. Nilimpa. Nilimpa na nikamshikia na begi. Lakini kicheko kile bado nakisikia, sijui kwa nini, labda kwa sababu wote waliocheka walikuwa wananijua tangu nauza mitandio ya kutembeza.

Haya, kitu ambacho hakiuzwi dukani na ndicho kilichonilipa zaidi: picha. Kabla sijakabidhi begi nalipiga picha pande zote, kamba, zipu, matairi, na lile karatasi la namba wanalobandika. Kuna safari begi langu lilitoka kwenye mkanda wa mizigo Dar limepasuka ubavuni, tairi moja hamna, maboksi mawili ya mzigo yameloa. Nikaenda ofisi ya mizigo pale pale uwanjani (usitoke nje ndugu yangu, ukishatoka umejimaliza), kijana wa watu hata hakuinua macho kwenye simu yake, akasema mama, mabegi ya kichina ndivyo yalivyo. Mama. Mabegi ya kichina. Nikamwambia naomba fomu ya PIR. Hapo ndio akaniangalia.

PIR ni ile ripoti ya mzigo ulioharibika au kupotea, inatoka na namba yako ya kufuatilia. Alafu kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, Tanzania imo, unasema mzigo ukiharibika ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 7, ukichelewa ni ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Kwa maandishi, sio kwa kupiga simu na kulia. Niliandika barua pepe, nikaambatanisha picha za kabla na baada, PIR, kile kipande cha namba ya mzigo na risiti za dukani. Walinizungusha weee, mara tuma tena, mara idara nyingine, mara aliyekuwa anashughulikia yuko likizo. Walilipa. Sio hela ya kujengea, lakini walilipa, na mpaka leo nikipita ile ofisi natembea taratibu kidogo.

Kwahiyo nikisema piga picha, piga picha. Watu wetu tunapenda kunyamaza, tunasema Mungu atalipa, sawa Mungu atalipa lakini fomu ipo hapo kaunta na ni bure! Jifunzeni kudai haki zenu.

Pawabenki sasa. Hapa watu wananyang'anywa kila siku. Sheria ya kwanza haiingii kwenye begi la kupakia chini, inakaa mkononi. Pili usiangalie mAh peke yake, kinachotakiwa ni Wh (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), na isizidi 100 bila ruhusa ya ndege. Hesabu yake rahisi, chukua mAh zidisha kwa 3.7 gawanya kwa 1000, ya 20,000 inakupa Wh 74, uko salama. Zile za 50,000 mnazonunua kwa kujisifu hazivuki. Na maandishi yawe yanasomeka, kama namba zimefutika afisa hana haja ya kubishana na wewe, anatupa. Alafu kuna mapya: ukishafika China ukataka kuruka kwenda Yiwu au mji mwingine, tangu 28 Juni 2025 pawabenki isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama ya China, haipandi ndege za ndani kabisa, na hizi tunazonunua huku nyingi hazina hiyo alama hata kama zimeandikwa zimetengenezwa China. Emirates nao tangu 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa mtu na marufuku kuitumia ndani ya ndege, kwahiyo simu ijae kabla hujapanda.

Plagi zetu za miguu mitatu bapa zinafanya kazi Dubai, Kenya na Uganda. China hapana, Uturuki hapana. Mi nabeba adapta moja tu na ekstensheni fupi ya Bongo yenye matundu manne, adapta naichomeka ukutani, ekstensheni kwenye adapta, basi chaja zetu zote zinaingia na ya jirani pia. Chaja tu lakini, usichomeke pasi wala hita ya maji hapo ukaunguza hoteli ya watu.

Simu: weka VPN, ile programu ya kufungua mitandao iliyozuiwa, ukiwa bado Dar, maana ukishatua huko WhatsApp na Google havifunguki na hata hiyo VPN kuipakua inakuwa kazi. Pakua Kichina kwenye programu ya kutafsiri iwe inafanya kazi bila bando. WeChat na Alipay fungua mapema, uunganishe na kadi yako ya benki ukiwa nyumbani, maana muuza viatu wa Zhanxi, soko la viatu la Guangzhou, ukimpa noti anakuangalia kama umempa karanga.

Hela taslimu naweka kwenye gagulo. Fundi wangu kanishonea mfuko wa zipu kwa ndani, upande wa kushoto, na zipu kaiweka inafungukia juu ili hata ikiachia kitu kisidondoke. Hayo mabegi ya kiunoni mnayofunga juu ya shati mnawaambia wezi hela iko wapi. Wanaume mwone fundi naye awashonee ndani ya suruali, msione aibu. Na ukiingia China na taslimu inayozidi dola 5,000 unatakiwa kuitaja forodhani, itaje, mzigo wa watu hauna thamani ya kuozea kituoni.

Alafu kanga. Doti moja, usikate, iache hivyo hivyo imeungana. Najifunika kwenye ndege maana lile blanketi lao sijui nani kalitumia, nikisubiri kuunganisha Addis usiku natandika, nikifika hoteli nakuwa na taulo la kukauka haraka, swala, pazia kwenye chumba cha kushea, na kuna safari kamba ya begi ilikatika nikabebea mzigo mgongoni kama mtoto, Wachina wakanipiga picha. Ukishasafiri na kanga hizo shuka za kusafiria za bei ya ajabu utazionea huruma.

Kadi ya homa ya manjano ikae na pasipoti, uliyechanjwa zamani usidanganywe kuchanja tena, tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha. Dawa za kuharisha, Panadol, na limao la unga la kuweka kwenye maji ya moto, basi.

Wa Kampala na wa Tunduma sijawasahau, nyie ongezeni kufuli la kweli na kiroba cha kuvalisha begi maana buti la basi lina vumbi na dagaa za watu, na kila basi likisimama shuka uone nini kinatolewa. Unaona uchovu? Nami nachoka, lakini nashuka.

Dada wa viatu, nunua mizani kwanza, begi utaazima kwangu. Ila namba ya ajenti wangu wa kusafirishia mzigo usiniombe, wewe na wenzako mnaojaza inboksi kila siku, siigawi, tafuteni wenu kama nilivyotafuta wangu.