Mizani Imeshuka: Je, Ni Mafuta Yaliyopungua?

SWALI: Kwa siku 10 nimepunguza sana vyakula vya wanga, na uzito wangu umeshuka kilo 3. Je, zote ni mafuta? Na mbona sasa mizani imegoma?

JIBU: Hongera kwa juhudi zako, ndugu msomaji, lakini sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, kwa umbo la glaikojeni, kiasi cha gramu 500 hivi, na kila gramu hushikana na takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza wanga, akiba hiyo hutumika, maji yake hutoka kwa mkojo, na figo nazo hutoa chumvi zaidi kwa sababu insulini (homoni inayodhibiti sukari ya damu) imeshuka.

Mafuta hayana haraka hiyo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori 7,700 hivi, hivyo anayepunguza kalori 500 kila siku huhitaji takriban siku 15 kuimaliza. Mizani ikigoma, usikate tamaa: chukua utepe wa kupimia, uzungushe tumboni usawa wa kitovu asubuhi kabla ya kula, ukiwa umetoa pumzi na bila kuubana, kisha upime tena baada ya wiki 2. Mimi huuamini utepe huo kuliko mizani.

Kama unatumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu, tafadhali mwone daktari mapema, kwa kuwa dozi yako huenda ikahitaji kupunguzwa.