Tuweke matuta au njia ya miguu na baiskeli?

Swali: Injinia shikamoo. Mtaani kwetu Temeke watoto wa shule ya msingi wanavuka barabara ya lami kila asubuhi, na hela iliyopo ni kidogo. Wengine kwenye kamati wanataka matuta tu, wanasema njia za miguu na baiskeli ni mambo ya tabianchi, anasa ya Wazungu. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Anasa wapi bana, asubuhi hapo wengi si wanatembea tayari? Tabianchi tuiweke pembeni kidogo, tuanze na breki. Gari likiwa spidi 50 linakula karibu mita 14 kwa sekunde moja, na sekunde moja ndo muda wa dereva kushtuka tu, kwa hiyo mtoto akichomoka mita 14 mbele yake huyo dereva ndo kwanza anagusa breki, wakati mwenzie wa spidi 30 hapo keshasimama kabisa, kama lami ni kavu. Ndo maana kazi ya kwanza ni kushusha spidi, hayo mengine yanafuata.

Sasa tuta. Tuta linashusha spidi ya magari, sikatai, ila nenda kasimame pembeni ya tuta lolote uangalie bodaboda wanapita wapi: kale kaupenyo kalikoachwa ukingoni maji ya mvua yapite. Na hapo hapo ndo mtoto anatembea! Mimi ningejenga kivuko cha kuinuliwa, bapa juu, kifike mpaka kwenye njia ya miguu pande zote mbili, maji yapite kwenye bomba chini. Halafu njia ya miguu iwe juu kuliko lami, na nguzo fupi za kuzuia bajaji na magari kupaki. Bodaboda nguzo hazimzuii, nisikudanganye, panapopita kiti cha magurudumu na yeye anapita, hapo mtahitaji watu wa kusimamia.

Na haya hayajatoka Ulaya. Hapa hapa Dar shirika la usalama barabarani la Amend limefanya maboresho ya hivi kuzunguka shule za msingi, na mradi wao huo, unaoitwa SARSAI, ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019.

Afya nayo imo humo humo. WHO wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, sasa dakika 15 kwenda kituoni na 15 kurudi, siku tano, umemaliza, na presha na sukari vinapata mpinzani bila kulipia jimu. Kwenye tabianchi lita moja ya petroli inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, lakini watu wenu wengi hawachomi hata hiyo lita. Shida ni kwamba wakipata vihela kidogo tu wananunua pikipiki, sababu kutembea kunawatisha.

Kabla ya kikao simameni pale saa 12 na nusu hadi saa 1 na nusu asubuhi, mhesabu wanaovuka kwa miguu, wa baiskeli na magari, kila kundi peke yake. Hizo namba ndo mpeleke TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini.