Cheti kina majina ya waliomlea: pa kuanzia kumtafuta mzazi wa damu

Mleta uzi, umeuliza mawili: cheti cha kuzaliwa cha mama yako kinaonyesha waliomwasili, yaani waliomchukua kisheria kuwa mtoto wao, je, cha asili kiko wapi, na je, umwandikie yule jamaa aliyejitokeza kwenye kipimo cha vinasaba (DNA). Njia hiyo nimeipita kwa ajili ya mama yangu, naye aliasiliwa akiwa mchanga.

Hicho cheti si cha kughushi. Amri ya kuasili ikitoka, hutolewa kingine chenye wazazi wapya, na cha kwanza hufungiwa, hakichomwi. Kukiona kunategemea uasili ulifanyika wapi. Scotland wameruhusu tangu 1930. Uingereza na Wales haki hiyo ilikuja na sheria ya 1975, kwa mwenye miaka 18 na zaidi, na aliyeasiliwa kabla ya 12 Novemba 1975 sharti kwanza aonane na mshauri. Marekani kila jimbo na lake: Kansas na Alaska hawakuwahi kufunga, New York walifungua Januari 2020, kwingine bado utadaiwa amri ya hakimu.

Wakikunyima jina, omba maelezo yasiyotaja majina. Watu huyadharau, sijui kwa nini. Mama alipata karatasi yenye umri wa mama yake mzazi, kazi ya babu yake (fundi saa), idadi ya watoto nyumbani, na nani alikwisha kufariki. Bila karatasi hiyo vinasaba visingetufikisha popote.

Kwenye vinasaba, mpime mama kabla yako. Wewe umebeba nusu tu ya alivyonavyo. Kisha tazama sentimogani, yaani kipimo cha kiasi cha vinasaba mnavyoshiriki, usiamini lile neno “binamu” la kampuni ya kupima. Ndugu wa mzazi mmoja, shangazi na bibi wote huangukia karibu na 1,700, yaani robo ya vinasaba, hivyo umri ndio utakaokuambia yupi ni yupi. Sisi wa juu kabisa alikuwa na kama 230, kiwango ambacho mara nyingi ni cha watu ambao babu au bibi zao walikuwa ndugu. Inatosha. Unapanda na ukoo wake hadi kwa wazazi wa babu na bibi zake, halafu unashuka na kila mtoto wao, ukimtafuta binti wa umri ule mwenye baba wa kazi ile. Ni kazi ya kuchosha, na hapo ndipo wengi huacha. Kwetu matawi yalikuwa mengi mno, mpaka tulipokuta fundi saa mmoja tu katika ukoo mzima.

Kuhusu kumwandikia: mwandikie, ila usianze na “nadhani bibi yako ndiye mama wa mama yangu”. Huenda mtoto huyo ni siri ambayo hata mume hakuambiwa. Mimi niliandika mistari michache tu: vinasaba vyetu vinalingana, nafuatilia ukoo, unayajua majina ya wazazi wa babu na bibi zako? Habari za kuasili sikuzigusa. Ukishampata mama mzazi mwenyewe, barua iende kwake peke yake, si kupitia watoto wake, na umwachie nafasi ya kusema hapana.

Tuambie uasili ulifanyika nchi gani na mwaka gani, aliyepimwa ni mama au wewe, na huyo jamaa ana sentimogani ngapi. Hapo tutaweza kukuelekeza zaidi.