Ski jozi tano, gari moja: jibu langu kwa swali la wiki

Swali la wiki hii limenigusa sana, mmeuliza hivi: familia ikienda kwenye theluji, ski (zile mbao ndefu za kuvaa miguuni na kutelezea) mnazibeba ndani ya gari, kwenye keria ya paa au kwenye boksi la juu ya paa, na mliamuaje? Mi nimepitia zote tatu ndani ya miaka minne, kwa hiyo naombeni nisijibu kwa neno moja.

Tunakaa Aurora, pembeni ya Denver, Colorado, mimi na mume wangu na watoto watatu. Kwetu ni Moshi, theluji nilikuwa naiona ya Kibo tu, kilele cha Kilimanjaro, asubuhi kabla mawingu hayajaifunika, kuikanyaga nimeikanyaga hapa. Watoto walivyoanza shule kila Jumatatu wenzao wanahadithia ski, nasi tukaona tuwapeleke, wao tunawakodia za msimu mzima maana miguu inakua kila mwaka, sisi wawili tukanunua za mkono wa pili. Sasa kutoka kwetu kwenda mlimani ni barabara moja tu, I-70, inapanda Idaho Springs, Georgetown, mpaka handaki la Eisenhower ambalo liko mita kama 3,400 juu ya bahari, yaani chini kidogo tu ya kambi ya Horombo kule kwetu Kilimanjaro ila hapa unafika kwa gari. Barabara hiyo ndiyo iliyonifundisha yote ntakayoandika hapa.

Mwaka wa kwanza tulibeba ndani. Mdogo alikuwa bado anabaki nyumbani na shangazi yake, kwa hiyo tulikuwa wanne, tunalaza kipande kimoja cha siti ya nyuma, ski zinapita katikati mpaka zinakaribia gia, hatujafunga chochote, tumezilaza tu juu ya blanketi. Jumapili moja jioni tunarudi, tunashuka kuelekea Georgetown, foleni ikasimama ghafla mbele yetu na mume wangu akakanyaga breki kwa nguvu, gari likasimama salama lakini ski hazikusimama, zikateleza zote kwa pamoja zikapita pembeni ya shavu la binti yangu zikaenda kupiga redio zikavunja kioo chake. Binti hakuumia hata kidogo, namshukuru Mungu mpaka leo. Ila usiku ule sikulala, nilikuwa naona zile kingo za chuma, tena zilikuwa zimetoka kunolewa wiki ileile, na nikiwaza ingekuwa sentimita kumi tu upande wa pili.

Kwa hiyo kwangu swali la kwanza kabisa ni hili: gari likifunga breki, hizo ski zitaenda wapi? Watu wengi wanaanza na bei au na muonekano wa gari, mi naomba waanze hapo. Jozi moja ya mtu mzima pamoja na vile vibanio vya kukamatia kiatu inafika kilo 6 hivi, nne ziko pamoja ni mzigo wa kumuua mtu. Kama lazima ziingie ndani, zifungwe pamoja, ziingie kwenye mfuko wake, halafu mfuko ufungwe kwa mkanda kwenye vile vyuma vilivyoko sakafuni mwa buti la gari, na mtoto asikae pembeni yake kama kuna siti nyingine.

Mwaka wa pili jirani yetu, mzee mmoja wa Bukavu ambaye watoto wangu wanamwita babu, alitupa keria yake ya zamani, ile yenye taya mbili za mpira zinazobana ski. Tukaifunga, halafu mimi kwa mazoea ya nyumbani nikaongezea ile mipira ya kufungia mizigo, kama tulivyokuwa tunafunga mikungu ya ndizi kwenye keria ya baiskeli. Mzee akaja akaangalia akasema, "Mama Neema, ile mipira toa, inavutika." Na ni kweli kabisa, kwenye mwendo wa barabara kubwa upepo unasukuma bila kupumzika, mpira unavutika kidogo, mzigo unaanza kutikisika, ukitikisika unalegeza kila kitu. Kinachotakiwa ni taya zenyewe zibane sawasawa, na kama unaongeza mkanda basi uwe wa kitambaa usiovutika. Akatufundisha pia ski zigusane tumbo kwa tumbo na ile ncha iliyopinda iangalie nyuma ya gari, maana ikiangalia mbele upepo unaingia chini yake na kuinyanyua. Na ukishaendesha dakika ishirini hivi, simama ushike kila nati kwa mkono, sisi tunasimama Morrison kwenye yale maegesho ya Dinosaur ambapo watu wanaacha magari yao na kupanda gari moja.

Keria ni nzuri, siisemi vibaya. Ni nyepesi, ya bei ndogo. Kama mko wawili au watatu ningesema chukueni keria mmalize. Kilichonichosha ni chumvi, hapa barabarani wanamwaga magnesiamu kloraidi kuzuia barafu, malori yanairusha hewani, mnafika mlimani ski zina utando wa kijivu, na usipozifuta na kuzikausha siku ileile kingo zinashika kutu. Kuna siku kufuli la keria liliganda na barafu watoto wanatetemeka pembeni, tangu hapo ile dawa ndogo ya kuyeyusha barafu natembea nayo kwenye koti, sio ndani ya gari.

Mdogo alipofika umri wa kwenda nasi ndio tukahamia boksi, maana siti zote zimejaa na hakuna cha kulaza. Tulilipata la mkono wa pili kwa dola 220. Kabla ya kununua nilikaa na kitabu cha gari na kalamu, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Gari letu limeandikwa paa linabeba kilo 75 na hizo zinahesabu kila kilicho juu, vyuma vya paa vinavyoshika boksi na boksi lenyewe pia. Boksi kilo 20, vyuma 6, zimebaki 49. Ski zetu za watu wazima 12, za watoto watatu kama 9, fimbo za mkononi kilo 2, jumla 23, tuko salama, na juu tunaongezea makoti tu. Viatu havipandi juu. Vina uzito, jozi ya mtu mzima kama kilo 4, na plastiki yake ikipoa inakuwa ngumu kama jiwe, mtoto analia mguu hauingii, kwa hiyo viatu vinasafiri ndani kwenye joto pamoja na sisi.

Pima urefu wa ndani wa boksi, sio wa nje, wauzaji wengi wanakutajia wa nje. Fungua mlango wa buti uone kama haugongi boksi. Na pima urefu wa gari zima kutoka chini mpaka juu ukishafunga, letu limefika mita 2.15, nimeuandika kwenye karatasi nikaibandika karibu na usukani kwa sababu maegesho mengi ya chini ya ardhi hapa yanaishia kama mita 2.03.

Mafuta yanapanda. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema boksi kubwa la juu linaweza kupunguza umbali unaokwenda kwa mafuta yaleyale kwa asilimia 10 hadi 25 kwenye mwendo kasi wa maili 65 hadi 75 kwa saa, kwa hiyo mwezi wa nne tukimaliza msimu boksi linashuka linakaa gereji, hatuzunguki nalo mjini bure.

Halafu kuna hili la cheni za matairi, ile minyororo ya kufunga kwenye tairi lisiteleze kwenye theluji. Sheria ya hapa, kwenye I-70 kati ya Dotsero na Morrison, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, gari lisilo na nguvu kwenye matairi yote manne lazima liwe limejiandaa kwa theluji, na cheni ni moja ya vifaa vinavyokubalika. Watu wanazibeba, ila wanaziweka chini kabisa ya boksi, siku zinapohitajika unawakuta kwenye kona ya barabara wanashusha ski zote kwenye dhoruba. Sisi zetu zinakaa nyuma ya siti ya dereva na glavu zake.

Mwenye gari la paa la kioo asinunue keria ya sumaku, haitashika, hata kwenye paa la alumini haishiki, sumaku inataka chuma. Na mnaoenda mara moja au mbili kwa mwaka, hizi hesabu zote hamzihitaji kabisa, kodini ski hukohuko mlimani, au pandeni basi la Snowstang kutoka Denver au treni ya Winter Park pale Union Station, mtoto alale njiani na wewe ulale.