Milioni 8 za kaka zilinikosesha harusi

Juzi usiku mdogo wetu mmoja, fundi cherehani, kaniandikia: "Dada, shikamoo. Nataka kuomba viza ya Schengen mwezi ujao. Benki nina laki 4 tu. Kaka yangu yuko tayari kuniingizia milioni 10 zikae wiki mbili, halafu nimrudishie. Inafaa?" Viza ya Schengen ni ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya. Nilikosa usingizi. Maneno hayo niliyasema mimi, mwaka juzi.

Mdogo wangu wa mwisho, niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani, alikuwa anaolewa Lyon, Ufaransa. Mimi nauza vitenge Kariakoo, huu mwaka wa 11. Pesa ninayo, lakini pesa ya mfanyabiashara hailali benki: asubuhi iko kwenye simu, mchana imegeuka mzigo, jioni iko kwenye kikoba. Akaunti yangu ilikuwa na laki 6. Kaka akanitumia milioni 8 kwa mkupuo. Siku 9 baadaye nikachukua taarifa ya benki ya miezi mitatu, nikaenda kuomba viza kifua mbele.

Karatasi zile ninazo mpaka leo. Ukurasa wa kwanza: elfu 40, elfu 25, makato ya benki. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, katikati ya vielfu hivyo, mstari mmoja wenye sifuri sita. Hata mtoto wa darasa la nne angeuliza zimetoka wapi.

Jibu lilikuja kwenye fomu ya visanduku, kimoja kimetiwa alama: sikuthibitisha kwamba nina uwezo wa kujikimu. Harusi nikaitazama kwenye simu dukani, nimekaa juu ya robota, picha ikiganda kila walipotaka kulishana keki. Ada, ambayo sasa ni euro 90, hairudishwi. Hilo nilishalisahau. La harusi bado linaniuma.

Tena linauma zaidi ukipiga hesabu. Ufaransa inataka euro 120 kwa siku kwa asiye na hoteli, 65 kwa mwenye hoteli, na 32.50 kwa anayefikia kwa mwenyeji mwenye hati ya mapokezi ya manispaa, ambayo shemeji alishaichukua. Siku zangu 14 zilikuwa euro 455 tu. Milioni 8 zilizidi hapo mara kadhaa! Kilichokosekana ni asili ya pesa. Afisa anataka kuiona ikiingia na kutoka kwa namna inayofanana na kazi unayosema unafanya.

Mara ya pili nilijipanga miezi minane. Kila jioni mauzo ya kwenye simu nikayahamishia benki, hata yakiwa elfu 60. Kikoba kilipovunjwa, mgao wangu ukaingia benki, na mwenyekiti akaniandikia barua yenye michango yangu ya mwaka mzima. Nikaambatanisha leseni, karatasi za kodi, na barua ya ukurasa mmoja inayoeleza kila kiasi kikubwa kilikotoka. Alhamisi iliyopita viza imetoka. Harusi ilishapita, lakini kuna mtoto wa miezi saba sijamshika bado.

Ndugu zangu, acheni pesa za kuazima za maonyesho. Na mnaouziwa taarifa feki za benki mjue hivi: hati ya kughushi peke yake inatosha kukunyima viza, na maombi yako yanahifadhiwa miaka 5 kwenye mfumo ambao nchi zote za Schengen zinausoma. Wanaoomba viza ya kwenda kusoma Uingereza nao wanabanwa: pesa lazima ikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Pesa inataka muda, na muda hauazimwi kwa kaka.

Sasa wewe mdogo wangu. Mwambie kaka asikuingizie kitu. Kama kweli anakusafirisha, ajitokeze kwa jina lake: aandike barua ya kukudhamini, atoe taarifa ya benki yake mwenyewe, na mweke vyeti vyenu vya kuzaliwa vinavyoonyesha mzazi ni mmoja. Na mwezi ujao ni karibu mno, sogeza safari. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya kusafiri, kwa hiyo hupotezi kitu ukingoja. Kesho ukishafunga cherehani, peleka benki ulichopata, hata kama ni elfu 30, na keshokutwa tena.