Dawa za nyanya: sanamaki, shubiri na kidole cha kooni

Aliyeanzisha mada hii ameuliza mambo mawili: ni dawa ipi ya nyumbani uliyoichukia kuliko zote ulipokuwa mtoto, na je, ungempa mwanao leo. Wengi waliotangulia wametaja mwarobaini. Mimi nililelewa Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, miaka ya 1980, nyumbani kwa nyanya yangu pamoja na binamu sita, na kwangu mwarobaini haufiki hata nafasi ya tatu.

Ili mnielewe, lazima kwanza niieleze kanuni ya nyanya. Kwake uchungu haukuwa kasoro ya dawa. Uchungu ndio uliokuwa dawa. Alikuwa akikukazia macho unapomeza, na usipokunja uso aliamini kwamba majani yamechakaa, akakuongezea. Ushahidi wake mkubwa aliupata hospitalini, kwa sababu vidonge vya klorokwini tulivyopewa kwa malaria vilikuwa vichungu kiasi cha kukaa ulimini mpaka jioni, tena vikamwasha mtu mwili mzima. "Hata madaktari wamekuja kukubali," alikuwa akisema. Kenya iliacha kutegemea klorokwini mwaka 1998 kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, lakini kufikia wakati huo kanuni ilikuwa imeshakita mizizi nyumbani kwetu.

Sanamaki ilikuwa dawa ya likizo ya Agosti, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, eti turudi darasani tumbo likiwa safi. Majani yake makavu yalinunuliwa Marikiti yakiwa yamefungwa katika gazeti, na jina lenyewe ni la Kiarabu, yaani sana ya Makka. Nyanya aliyaroweka tangu alasiri katika maji ya moto pamoja na tangawizi iliyopondwa, na baada ya sala ya Isha alitupanga barazani kwa umri. Ilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa iliyolala. Ajabu yake ni kwamba fundo la kwanza lina utamu wa mbali, unaokuhadaa, ndipo uchungu hufuata nyuma pamoja na utelezi wa majani yaliyovunda, na utelezi huo ndio uliotushinda. Kuziba pua hakukusaidia. Aliyetapika alianza upya, na kikombe cha pili kilikuwa kimepoa zaidi kuliko cha kwanza.

Sanamaki haifanyi kazi papo hapo. Viambato vyake husafiri mpaka utumbo mpana, ambako bakteria huvivunja na hapo ndipo utumbo huchochewa kujikaza, jambo ambalo kwa kawaida huchukua saa 6 hadi 12. Nyanya hakusoma hayo popote, lakini aliyajua kwa mazoea, na kwa kuwa choo kilikuwa kimoja, uani, nasi tulikuwa watoto saba, alitupa dawa kwa kupishana nusu saa ili tusigongane. Hesabu yake ilikuwa nzuri, ila matumbo hayakuifuata. Kabla ya adhana ya Alfajiri tulikuwa watatu mlangoni mwa choo, mmoja ndani, wawili wakilia ngazini, na binamu yangu mkubwa, aliyekunywa wa kwanza na kutucheka usiku kucha, alikuwa bado amelala fofofo. Yeye zamu yake ilimkuta saa nne za asubuhi akiwa kwenye mpira, mbali na nyumbani. Sitaendelea, maana huenda anasoma.

Nyinginezo nitazipitia upesi. Mafuta ya mbarika yalikuwa mazito na yalirudi kooni kila ulipocheua. Mafuta ya ini la papa yalikuwa na shombo ileile ya sifa, yale mafuta ya samaki yanayopakwa majahazi, kwa hiyo kwa miaka mingi sikuweza kupita Bandari ya Kale bila kuhisi kijiko mdomoni. Wakati wa kusi, mafua yalipozagaa, tulifunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani ya mwarobaini na mkaratusi yanayochemka, tukatoka tumelowa na macho mekundu. Shubiri alipakwa mdogo wangu kidoleni ili aache kukinyonya. Alilia siku moja, siku ya pili akakinyonya pamoja na shubiri yake, na mpaka leo ndiye pekee katika ukoo wetu anayekunywa kahawa chungu bila kashata.

Lakini dawa niliyoichukia kuliko zote haikuwa ya kunywa. Ilikuwa kidole. Ukivimba mafindofindo, nyanya alimwita mama mmoja wa jirani aliyekuwa na sifa ya "kuyavunja". Alifika na kitambaa cheupe, akakizungushia kidole cha shahada, akakichovya katika mchanganyiko wa chumvi, majivu ya jikoni na maji ya ndimu. Mjomba alinishika mikono kwa nyuma, nyanya akanishika kichwa. Kidole kiliingia mpaka pale ambapo hata mate yalikuwa hayapiti bila maumivu, kikabonyeza kulia, kikabonyeza kushoto, kikasugua. Nilimng'ata. Hakukitoa, alinipiga kofi kwa mkono wa pili, akamaliza kazi, ndipo akanionyesha kitambaa chenye damu na usaha kama fundi anayemwonyesha mteja kifaa kilichoharibika. "Umeona uchafu uliokuwamo?" aliniuliza. Nilikuwa na miaka minane.

Siwalaumu. Walikuwa wakitupenda, na mara nyingi koo lilipona, kwa sababu koo nyingi husababishwa na virusi na hupona zenyewe baada ya siku chache, kidole kikapewa sifa isiyo yake. Shida iko kwa zile zinazotokana na bakteria aina ya streptokoka, ambazo zisipotibiwa kwa antibiotiki zinaweza kumletea mtoto homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Kidole hakiwezi kuzitofautisha hizo mbili, na majivu hayatibu hata moja.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la pili si ndiyo wala hapana. Maji ya chumvi ya kusukutua nawapa wanangu walio wakubwa vya kutosha wasiyameze. Karafuu kwa jino linalouma naitumia mwenyewe usiku nikisubiri daktari wa meno, kwani mafuta yake yana eujenoli, ambayo madaktari hao nao huitumia. Sanamaki simpi mtoto bila kuambiwa na daktari. Mafuta ya mwarobaini siyaweki hata nyumbani, kwa kuwa India na Malaysia watoto wachanga walionyweshwa waliwahi kudhurika vibaya. Kidole, asilani.

Mwaka jana binti yangu alivimba koo, tukatoka hospitalini na chupa ya antibiotiki ya maji, ya rangi ya waridi. Mama yangu, ambaye sasa ndiye nyanya wa nyumba, aliishika chupa, akaigeuza, akaniuliza kama ni chungu. Nilimwambia ina ladha ya matunda. Alimimina tone moja kiganjani, akalilamba, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa ameachama akingojea kijiko kwa hamu.

"Hii si dawa, mwanangu," akasema. "Hii ni sharubati."